Maktaba za jiji la Nairobi: McMillan, Kaloleni na Makadara, na yale yanayotuhusu sisi Wapwani



Wapwani wengi tukifika Nairobi siku ya Ijumaa huenda kuswali Msikiti wa Jamia. Jirani ya msikiti huo pana jengo la kijivu lenye nguzo nene na ngazi pana, na mbele yake wamekaa simba wawili wa sanamu. Wapo wanaodhani ni mahakama ya zamani, na wapo wanaodhani ni benki. Hilo ni jengo la maktaba, tena ndiyo maktaba mama ya jiji lote la Nairobi. Jina lake ni Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan, na ina matawi mawili upande wa Eastlands: moja Kaloleni, jingine Makadara.

Leo nimekusudia kuieleza maktaba hii na matawi yake: ilianzaje, nani alikatazwa kuingia, nani aliifungua, ndani mna nini, na yuko chini ya nani mtu anayefungua mlango wake asubuhi. Nina sababu mbili. Kwanza, mzazi aliye Pwani na mwanawe yuko chuo Nairobi anafaa kujua kwamba kuna mahali pa kusomea pasipotaka mtu anunue chai. Pili, katiba yetu imezikabidhi maktaba kwa kaunti, na Mombasa ni kaunti. Yaliyoipata Nairobi ni somo letu pia.

Mfumo wa maktaba ni nini

Tukitaja maktaba, akili huenda kwa chumba kimoja chenye vitabu. Mfumo wa maktaba za jiji ni zaidi ya hapo. Huwa kuna maktaba kuu, ambayo kwa kawaida iko katikati ya mji, nayo hutunza vitabu vingi, magazeti ya zamani na vitu visivyotoka nje. Halafu kuna matawi mitaani, madogo zaidi, yaliyo karibu na nyumba za watu na shule. Yote huwa chini ya bajeti moja na uongozi mmoja, na yakiendeshwa sawasawa mtu huandikishwa mara moja tu akahudumiwa kokote, na kitabu kilichoko tawi moja kinaweza kuletwa jingine.

Kazi ya maktaba kuu ni kuhifadhi. Kazi ya tawi ni kufikia. Mtoto wa darasa la nne hawezi kupanda matatu mbili kwenda mjini akasome kitabu cha hadithi, na mama yake hawezi kumruhusu. Asipopata maktaba ya mtaani, hana maktaba. Ndiyo maana mfumo hupimwa kwa matawi yake. Jengo kubwa la mjini hupigwa picha na wageni, lakini anayetaka kujua kama mji unawajali wasomaji wake na atazame mitaani.

McMillan alikuwa nani

William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani tajiri, mzaliwa wa St. Louis, aliyekuja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 akajipatia ardhi kubwa, hasa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, alikuwa mgeni wa McMillan huko Juja. McMillan alifariki mwaka 1925 na kaburi lake liko mlima Ol Donyo Sabuk, ambako leo ni mbuga ya taifa.

Mjane wake, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyetaka mumewe akumbukwe kwa maktaba. Sehemu ya fedha ilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, lililoachwa na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma ambaye utajiri wake ulijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Jengo la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1931.

Miaka hiyohiyo, hatua chache kutoka hapo, Waislamu wa Nairobi walikuwa wakilijenga jengo la sasa la Msikiti wa Jamia, kazi iliyoanza 1925 na kumalizika 1933. Basi majirani hawa wawili ni wa rika moja. Tofauti yao ilikuwa mlangoni. Msikitini Mhindi, Msomali, Mnubi, Mswahili na Mwarabu walisimama safu moja. Maktabani aliingia Mzungu peke yake.

Mlango uliokuwa na rangi

Mwaka 1938 ilitungwa sheria maalumu ya Maktaba ya McMillan. Ni jambo la nadra sana jengo kuwa na sheria yake lenyewe, na mara nyingi hutajwa kwamba hakuna jingine nchini lililotungiwa sheria ya namna hiyo. Sheria ililinda jengo na kusudi lake, na kusudi la wakati huo lilikuwa kuwahudumia Wazungu.

Mwafrika aliyelipa kodi Nairobi, aliyebeba mawe ya mji huo, hakuruhusiwa kukaa humo akasoma gazeti. Kwa upande wa Waafrika, jambo kubwa la miaka hiyo lilikuwa kuundwa kwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1948. Shirika hilo lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine na kupeleka masanduku ya vitabu vijijini na mijini. Lilikuwa na heri zake, lakini sanduku la vitabu lililoletwa mtaani halikumpa Mwafrika ruhusa ya kuingia maktaba iliyoko katikati ya mji wake.

Mwaka 1958 ndipo watu wa rangi zote waliporuhusiwa kuingia McMillan. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Baraza la Jiji la Nairobi liliichukua na kuiendesha kama maktaba ya umma. Piga hesabu: tangu 1931 hadi 1958 ni miaka 27. Mtoto aliyezaliwa Pumwani mwaka jengo lilipofunguliwa aliweza kuwa na watoto wake kabla hajaruhusiwa kupanda zile ngazi za simba.

Nalitaja hili kwa sababu watu husema maktaba za Kenya hazina wasomaji kwa kuwa Waafrika hawapendi kusoma. Wazazi wa wazee wetu walifungiwa mlango. Ada ya kwenda maktaba hurithiwa nyumbani kama ada nyingine yoyote, na nyumba nyingi hazikupewa nafasi ya kuianza.

Matawi: Kaloleni na Makadara

Majina haya mawili yatamfanya Mmombasa atabasamu, maana Kaloleni na Makadara ni majina ya mitaa yetu pia, na Kaloleni nyingine iko Kilifi. Lakini hapa twazungumzia mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Kaloleni ya Nairobi ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, karibu na barabara ya Jogoo. Nyumba zake za chini, zenye paa za vigae na nafasi ya wazi katikati, zilipangwa kama kijiji. Ukumbi wa kijamii wa Kaloleni ulikuwa mahali pa mikutano mikubwa ya siasa kabla ya uhuru, na viongozi kama Tom Mboya walihutubia mitaa ile. Tawi la maktaba liko katika mtaa huo. Ni jengo dogo, na watumiaji wake wakubwa ni watoto wa shule za pale pale.

Makadara ni tawi kubwa zaidi ya Kaloleni, na wengi huliita Maktaba ya Eastlands. Hapa wateja ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, na vijana wanaojitayarisha kwa mitihani. Watu wa Eastlands huishi wengi katika chumba kimoja au viwili. Mwenye televisheni huiwasha, mwenye mtoto mchanga humbembeleza, na mwenye kitabu hutafuta pa kukimbilia. Tawi la Makadara ndilo pa kukimbilia.

Kinachoyapa matawi haya thamani ni mahali yalipo. Yamewekwa ndani ya mitaa ya wafanyakazi, si pembeni yake. Mtoto huenda kwa miguu. Mama akimwita kwa jina kutoka barazani karibu atamsikia. Mtu akikuuliza tawi la maktaba lijengwe wapi, mjibu hivyo: pale mtoto anapoweza kwenda na kurudi kabla ya Magharibi.

Yaliyomo ndani ya McMillan

Maktaba kuu hutajwa kuwa na vitu zaidi ya 400,000, ukijumlisha vitabu, majarida, magazeti, picha na nyaraka. Sehemu inayowaleta watafiti kutoka mbali ni ile ya Afrika Mashariki: vitabu vya wasafiri, ripoti za serikali ya kikoloni, kumbukumbu za mijadala ya bunge, na magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa majalada makubwa.

Hapo pana jambo letu. Gazeti la Standard, ambalo leo ni la Nairobi, lilianzia Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, likianzishwa na mfanyabiashara Mhindi, A. M. Jeevanjee, kabla ya kuuzwa na kuhamia Nairobi mwaka 1910. Anayetaka kujua bei ya pembe bandarini Mombasa zama hizo, au kesi za ardhi za Pwani zilivyoripotiwa na wakoloni, magazeti ya zamani ndiyo mahali pa kuanzia. Habari zetu nyingi zimehifadhiwa mbali na kwetu, na kuzifuata kwataka nauli.

Katika mambo ya ardhi hili si jambo dogo. Mzee akidai shamba la babu yake, wakili humuuliza karatasi. Karatasi nyingine ziko kwenye ofisi za ardhi, nyingine kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na nyingine ni tangazo lililochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali miaka mia iliyopita. Maktaba inayotunza matangazo hayo humsaidia mnyonge ambaye hakuwekewa faili na mtu yeyote.

Kuchakaa na kufufuka

Baada ya uhuru jiji lilikua haraka, na bajeti ya maktaba haikukua nalo. Miaka ikapita. Vitabu vipya vikawa haba, mvua ikapata njia darini, vumbi likakaa juu ya majalada, na viti vikavunjika bila kutengenezwa. Hii ni hadithi ya majengo mengi ya umma, na haina mtu mmoja wa kulaumiwa. Barabara ikiharibika mwenye gari hupiga kelele. Rafu ya vitabu ikiharibika, mtoto aliyekuwa akivisoma hajui ofisi ya kulalamika.

Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji, waliunda shirika liitwalo Book Bunk kwa nia ya kuzifufua maktaba hizi tatu. Mwaka 2018 walikubaliana na serikali ya Kaunti ya Nairobi. Walianza na matawi, Kaloleni na Makadara, kabla ya jengo kuu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Jengo kuu lina historia na uzuri wa kuvutia wafadhili, lakini matawi yana watoto.

Walikarabati, wakapanga upya vitabu, wakaanza kunakili kwa kompyuta nyaraka na picha za zamani, na wakaleta shughuli zinazowafanya watu waingie: usomaji wa hadithi, mijadala, na maonyesho. Safari yao imetengenezewa filamu ya Maia Lekow na Christopher King, How to Build a Library, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2025.

Katika kazi hiyo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, wafanyakazi wa maktaba ni wa kaunti, na jengo ni la umma. Shirika huja na fedha na mawazo, lakini halimiliki. Mipaka hiyo ikivurugika, mgogoro hauko mbali. Pili, ufadhili hutengeneza paa mara moja, ila mshahara wa mkutubi, umeme, maji ya choo na vitabu vipya hutakiwa kila mwaka. Hayo ni ya bajeti ya kaunti, na hakuna mfadhili atakayeyalipa milele.

La tatu ni langu la kuongezea. Kiwanja cha McMillan kiko mahali ambapo kila hatua ya ardhi ni fedha nyingi. Nyinyi nami twajua yanayovipata viwanja vya umma katikati ya miji yetu: leo bustani, kesho uzio wa mabati, keshokutwa ghorofa. Maktaba hii imebaki, na naamini sehemu ya sababu ni kwamba ina sheria yenye jina lake. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya kuwabagua wazee wetu ikaja kuwalinda wajukuu wao. Ndivyo dunia inavyopinduka.

Maktaba za jiji na za taifa si kitu kimoja

Hapa watu huchanganya, basi nieleze. McMillan, Kaloleni na Makadara ni za jiji, na sasa ni za Kaunti ya Nairobi. Huduma ya Maktaba za Taifa, ambayo wengi waijua kwa herufi za KNLS, ni chombo kingine. Iliundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1965 na kuanza kazi 1967, na ndiyo iliyofungua matawi katika miji na wilaya nyingi, Mombasa ikiwemo. Ndiyo pia iliyoanzisha mwaka 1996 maktaba ya ngamia huko Garissa. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili, kila sanduku vitabu 200, na mwenzake hubeba hema la kusomea. Ndugu zetu wa kaskazini mashariki wamesomeshwa na ngamia hao.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali lake la nne linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, na katika orodha ya kaunti, pamoja na viwanja vya michezo, makumbusho na fukwe za burudani, limetajwa neno maktaba. Kwa maana hiyo, mwananchi akiulizwa maktaba ya mtaa wake ni jukumu la nani, jibu ni kaunti.

Namna ya kuitumia

Anayeingia mara ya kwanza hupata woga, akidhani atahojiwa. Maktaba ya umma ni ya umma. Chukua kitambulisho chako, au cha mzazi kama ni mtoto. Kusoma ndani kwaweza kuwa bure au kwa ada ndogo, na kuazima kitabu uende nacho kwataka uanachama. Uliza mlangoni, maana ada na saa hubadilika. Begi huachwa kwa mlinzi, simu huzimwa mlio, na chakula hakiingii.

Baada ya hapo, mtafute mkutubi. Watu hudhani kazi yake ni kunyamazisha watoto. Kazi yake ni kukuonyesha kitabu kilipo. Mwambie unatafuta nini kwa maneno yako ya kawaida.

Vitabu navyo vimepangwa kwa nambari. Maktaba nyingi za Kenya hufuata mpango uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, unaogawa elimu yote mafungu kumi. Mia mbili ni dini, mia tatu ni mambo ya jamii kama sheria na uchumi, mia nne ni lugha, mia tano ni sayansi, mia sita ni ufundi, tiba na upishi, mia nane ni fasihi, na mia tisa ni historia na jiografia. Vitabu kuhusu lugha ya Kiswahili utavipata 496.392. Historia ya Kenya iko 967.62. Uislamu uko 297.

Itazame hiyo nambari ya mwisho. Katika fungu la dini, nambari za kuanzia 220 mpaka 289 zimewekewa Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote za ulimwengu, Uislamu zikiwemo Qur'ani, hadithi na fiqhi, zimebanwa katika kumi la mwisho. Haikuwa chuki. Dewey alipanga rafu za maktaba ya Marekani ya zama zake, na alivipa nafasi vitabu alivyokuwa navyo. Lakini yaonyesha kwamba hata mpangilio wa rafu una mtu aliyeupanga, na aliyekosekana siku ya kupanga hupewa kona. Ndiyo maana napenda kuona vijana wetu wakisomea ukutubi.

Hesabu ya watu na milango

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Kaunti ina majengo matatu ya maktaba. Gawa, utapata karibu watu milioni moja na nusu kwa kila jengo. Hata ukiongeza maktaba za taifa zilizoko Nairobi, watu kwa kila jengo bado ni wengi mno.

Linganisha na Chicago, Marekani, mji wenye watu kama 2,746,000 kwa hesabu yao ya 2020. Maktaba ya umma ya Chicago ina vituo 81, maktaba kuu na matawi. Hiyo ni kama watu 34,000 kwa kituo kimoja. Najua utaniambia Chicago ni tajiri na sisi ni sisi. Ni kweli. Lakini Wamarekani hao nao walianza na vyumba vya kupanga na vitabu vya kupewa. Walichofanya ni kuongeza tawi moja baada ya jingine, kila kizazi na lake, bila kufunga yaliyokuwepo.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani. McMillan hutajwa kuwa maktaba ya pili kwa ukongwe nchini. Ya kwanza ni ipi? Ni yetu. Mwaka 1903, miaka 28 kabla ya simba wa Nairobi kuwekwa ngazini, Mombasa ilikuwa na Maktaba ya Seif bin Salim na chumba chake cha kusomea bure. Imebeba jina la mtu wa ukoo wa maliwali wa Mombasa, na sadaka hiyo ilitokana na nyumba ya Sir Ali bin Salim. Maktaba ya kwanza ya umma Kenya ilianzishwa na Muislamu wa Pwani, na neno bure lilikuwa mlangoni tangu mwanzo. Waulize vijana kumi wa Mombasa kama walijua.

Si hiyo tu. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha uliotokana na Habib Swaleh, pamehifadhiwa miswada ya mkono ambayo imenakiliwa kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kulinda nyaraka zilizo hatarini. Fort Jesus kuna maktaba ya watafiti. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina sanduku la vitabu vya babu, na kila masika mchwa na unyevu hula ukurasa. Sisi si watu wasio na vitabu. Tumekosa tu mfumo wa kuviweka pamoja na kuwafikishia watoto.

Mimi stashahada yangu niliisomea maktabani. Nyumbani tulikuwa wengi, na baada ya Isha sebule ilikuwa ya wageni. Sikuwa na meza. Nilikwenda saa mbili za asubuhi nikapata kiti karibu na dirisha, nikatoka adhana ya Adhuhuri, nikarudi. Vitabu vingi nilivyotumia vilikuwa vyangu au vya kuazimwa na wenzangu. Nilichohitaji ni meza, mwanga na ukimya. Wanafunzi wengi wa leo wahitaji hayohayo matatu, na wasichana zaidi, kwa sababu kijana wa kiume anaweza kukaa barazani na daftari lake, lakini binti huambiwa arudi ndani aoshe vyombo.

Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019. Mtoto wa Mtongwe ana kivuko mbele yake, wa Mikindani ana msongamano wa malori, wa Kisauni ana daraja la Nyali. Maktaba moja ya kisiwani haiwatoshi hawa. Ndiyo maana nasisitiza matawi: chumba kimoja chenye viti thelathini Likoni, kingine Changamwe, kingine Kisauni, kingine Jomvu, kwa kuanzia. Si lazima majengo mapya. Kumbi za kijamii zipo, na nyingine hufunguliwa kwa harusi na mikutano ya siasa tu.

Lakini tusiishie kulalamika. Kuna njia za kisheria na ziko wazi. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria yataka wananchi washirikishwe. Vikao hivyo hufanyika, na mara nyingi viti vya wazazi huwa vitupu. Nenda, uliza maswali matatu: maktaba zimetengewa shilingi ngapi, ngapi kati ya hizo ni za vitabu, na kiwanja cha kila maktaba kina hatimiliki kwa jina la nani. Usipojibiwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yakupa haki ya kuuliza kwa maandishi, na ofisi ya umma yatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Wenye misikiti nao wana nafasi. Kwetu waqfu si jambo geni. Babu zetu waliweka waqfu visima, mashamba ya minazi na nyumba. Chumba cha kusomea ni kisima pia. Msikiti wa Jamia Nairobi una maktaba yake, ukuta kwa ukuta na jirani yake wa simba, na mwanafunzi wa pale ana milango miwili ya kuchagua.

Nairobi ilirithi maktaba iliyojengwa kwa ajili ya wachache, ikaifungua, ikaiacha ichakae, na sasa inajaribu kuifufua. Sisi tulianza na chumba cha kusomea cha bure kwa kila mtu. Siku ya kikao cha bajeti ikitangazwa katika wadi yako, mpeleke mwanao mmoja wa sekondari, akae kando yako, na umwache aulize yeye.

Wabillahi tawfiq.